Wanne Katika Chombo Kimoja: Uhakiki wa Kazi za CLAMP

Wahenga wa pwani walisema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika fasihi methali hii imekuwa kama sheria isiyoandikwa. Shairi hutarajiwa kuwa na mtunzi mmoja, na malenga wengi wa zamani waliotunga tenzi walijitaja katika beti za mwisho, ili msomaji awaombee dua na ajue makosa yaliyomo ni ya nani. Kwa mizani hiyo, kundi la Kijapani liitwalo CLAMP ni jambo la kustaajabisha. Wanawake wanne wametunga pamoja, chini ya jina moja, kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano, na katika vitabu vyao si rahisi kuonesha kwa kidole kuwa mstari huu ni wa fulani na ule ni wa mwenziwe. Chombo chao hakikwenda mrama. Swali linalostahili kuulizwa ni jingine, na ni zito zaidi: kwa nini watunzi hodari kiasi hiki wameziacha baadhi ya safari zao kubwa zikitia nanga katikati ya bahari?

Kundi hili lilizaliwa katikati ya miaka ya 1980 katika eneo la Kansai, magharibi ya Japani, penye miji ya Osaka, Kyoto na Kobe. Mwanzoni lilikuwa na watu zaidi ya kumi, vijana waliochora na kuuziana vijarida vya kujichapishia wenyewe, viitwavyo doujinshi. Mwaka 1989 kazi yao ya kwanza ya kibiashara, RG Veda, ilianza kutoka kwa mfululizo katika jarida la Wings. Wenzao waliondoka mmoja baada ya mwingine, na kazi hiyo ilipomalizika mwaka 1996, ikiwa na juzuu 10, walikuwa wamebaki wanne: Nanase Ohkawa, Mokona, Tsubaki Nekoi na Satsuki Igarashi. Hata majina haya ni lakabu, na yamewahi kubadilishwa. Ohkawa, mathalan, kwa muda alijiita Ageha. Ni kana kwamba kila mmoja alikubali kulipunguza jina lake ili jina la pamoja lipate kukua.

Mgawanyo wa kazi yao unafahamika. Ohkawa ndiye mtunzi wa visa na maneno. Mokona ndiye mwenye kalamu kuu katika kazi nyingi, ingawa katika nyingine, kama Legal Drug, kalamu hiyo imeshikwa na Nekoi. Igarashi na Nekoi hushiriki katika uchoraji, upambaji na sura ya kitabu kizima. Kubwa zaidi ni kwamba mkono wao hubadilika kwa kila kazi. RG Veda imejaa nakshi, nywele zinazotiririka na mavazi ya miungu, hata ukurasa hauna pa kupumulia. Tsubasa, iliyochapishwa katika jarida la kila wiki la wavulana, ina mistari minene na ya haraka. xxxHolic ina weusi mpana, moshi unaojipinda na vipepeo, na inakumbusha picha za kale za Kijapani zilizochongwa kwenye mbao. Mtu asiyeambiwa angedhani kuwa hizi ni kazi za watu watatu mbalimbali. Hapa ndipo ubora wa umoja wao unapodhihirika: fani haitangulii dhamira, bali kila dhamira hutafutiwa vazi lake.

Kabla ya kuziingia kazi zenyewe, inafaa kusema neno juu ya utanzu huu. Manga ni hadithi inayosimuliwa kwa michoro iliyopangwa katika visanduku, na kwa asili husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Msomaji aliyewahi kuufunua mswada wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu hataona ugeni katika hilo. Tena, anayejua ushairi atatambua upesi kuwa kisanduku kina tabia ya mshororo. Kina urefu wake na pumzi yake, na hukatwa mahali maalumu ili macho yatue. Nafasi nyeupe baina ya visanduku ni kimya, na mchoraji stadi hukitumia kimya hicho kama vile mtunzi stadi anavyokitumia kituo.

Katika RG Veda waandishi hawa waliazima majina na visa kutoka katika masimulizi ya kale ya miungu ya Kihindi, yaliyofika Japani kwa njia ya dini ya Kibudha. Mfalme Yasha anamchukua na kumlea mtoto Ashura, ilhali utabiri umeshaonya kuwa mtoto huyo ataleta maangamizi. Anamlea akijua. Kisa hiki cha mwanzo ndicho mbegu ya karibu kila kilichofuata: binadamu anaambiwa kudura yake mapema, na bado anachagua kupenda. Kazi ina udhaifu wa ujana. Wahusika ni wengi mno, na vifo hufuatana kwa kasi hadi vinazoeleka. Lakini swali lake liliulizwa kwa dhati, na waandishi hawakuliacha tena.

Swali hilo linapata uzito mpya katika Tokyo Babylon, iliyoandikwa baina ya 1990 na 1993 kwa juzuu 7. Mandhari ni jiji la Tokyo katika siku za mwisho za neema ya fedha, wakati bei za ardhi zilipokuwa zimepaa kupita kiasi. Mhusika mkuu ni Subaru Sumeragi, kijana wa ukoo wa waganga wa kale waitwao onmyoji, ambaye kazi yake ni kutuliza mizimu. Kila kisa kinamkutanisha na mtu aliyesahauliwa na jiji. Yumo msichana anayeteswa na wenzake shuleni hata akavutwa na kikundi cha dini kinachomwahidi faraja. Kisa hicho kiliandikwa kabla ya Machi 1995, wakati wafuasi wa madhehebu ya Aum Shinrikyo walipomwaga sumu ya sarini katika treni za chini ya ardhi za Tokyo. Waandishi hawakutabiri tukio hilo. Walichokifanya ni kuutazama upweke wa vijana wa jiji lao mapema, na kwa macho makavu.

Kisa kilicho bora kuliko vyote katika kazi hiyo ni cha mama aliyeuliwa binti yake mdogo, naye ameamua kumloga muuaji. Subaru anataka kumzuia, kwani anajua kuwa uchawi humrudia mwenyewe. Anampandisha mzimu wa mtoto, akitaraji kuwa mtoto atamwomba mama aache kisasi. Mtoto anapokuja, anasema kinyume chake: anaomba alipiziwe. Mama hasikii sauti hiyo, ni Subaru peke yake aisikiaye. Basi Subaru anamgeukia mama na kusema uongo. Anamwambia kuwa binti yake hataki kisasi.

Mwandishi wa kawaida angemfanya mtoto asamehe, na msomaji angefunga kitabu akiwa ametulia. CLAMP wanamnyima msomaji utulivu huo. Uongo wa Subaru umeokoa roho ya mama, lakini umeinyamazisha sauti ya marehemu, ambaye hana mwingine wa kumsemea. Je, alitenda wema? Kitabu hakijibu. Kinamwacha kijana akitembea na mzigo wake, na ukurasa unanyamaza pamoja naye. Mwisho wa kazi nzima ni mkali zaidi: daktari wa wanyama Seishiro, aliyeonekana kuwa rafiki mpole, anafichuka kuwa muuaji ambaye upendo wake ulikuwa ni dau tu alilojiwekea, na Hokuto, pacha wa Subaru, anapoteza maisha. Aliyekuwa akiwasikiliza watu wote wa jiji hakumsikia mtu aliyekuwa karibu naye kuliko wote.

Mtu aliyeanza kuwasoma CLAMP kwa Cardcaptor Sakura huenda asiamini kuwa mkono ni ule ule. Kazi hii ilitoka katika jarida la wasichana la Nakayoshi kuanzia 1996 hadi 2000, kwa juzuu 12, na mwaka 2001 ilipata tuzo ya Seiun, inayotolewa na wapenzi wa fasihi ya kubuni ya kisayansi nchini Japani. Sakura Kinomoto ni mtoto wa shule ya msingi. Anafungua kitabu katika maktaba ya baba yake, kadi za uganga zinatawanyika, naye analazimika kuzikusanya moja moja. Humo hamna adui wa kuangamizwa. Kila kadi ina tabia yake, na kuishinda ni kuielewa. Mwishowe Sakura anazigeuza kadi hizo zikawa zake kwa nguvu ya nyota yake mwenyewe, yaani anaurithi urithi wa mkubwa aliyemtangulia na kuutia jina lake.

Ndani ya kazi hii yumo Tomoyo, rafiki wa Sakura, anayemshonea mavazi na kumpiga picha za filamu. Tomoyo anampenda Sakura kwa namna ambayo anajua haitarudishwa. Hadai, halalamiki, wala halii mbele za watu. Furaha ya ampendaye inamtosha. Wapenzi wa mashairi ya mahaba, waliozoea malalamiko ya moyo uliokataliwa, watakuta hapa sauti nyingine: penzi lililokubali kukaa pembeni bila ya kuwa dogo. Upendo wa namna hii, usiotaka ujira, ndio upande wa pili wa ule wa Seishiro uliokuwa mchezo wa dau.

Hata hivyo, kazi hii ina doa lisilofichika. Imeonesha mapenzi baina ya mwalimu na mwanafunzi wake wa shule ya msingi kana kwamba ni jambo la kupendeza, na hata pete ikatolewa. Waandishi waliokusudia kusema kuwa upendo hauna mipaka walisahau kuwa mtoto hana uwezo wa kuchagua, na kwamba pasipo na uchaguzi, lile swali lao wenyewe la kudura na hiari linakufa. Dosari ya jamii moja na hii imo katika Chobits, iliyotoka katika jarida la Young Magazine mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa juzuu 8. Kijana maskini Hideki anaokota jalalani mashine yenye umbo la msichana, Chi. Swali ni zuri: je, mtu anaweza kukipenda kitu kisichoweza kukataa? Kazi inalizunguka swali hilo kwa ucheshi, inaligusa kwa uchungu mara chache, kisha mwishoni inalimaliza kwa ahadi ya mapenzi ambayo haijibu chochote. Chi hapati nafasi ya kusema hapana, kwa hiyo ndiyo yake haina uzito.

Kwa mpenzi wa ushairi, kazi ya kuanza nayo ni Clover. Ilianza mwaka 1997 katika jarida la Amie, ikasimama mwaka 1999 jarida lenyewe lilipofungwa. Juzuu 4 tu zimetoka. Katika nchi isiyotajwa, serikali huwapanga watoto wenye nguvu za ajabu kwa idadi ya majani ya klova. Sue ndiye pekee mwenye majani manne, naye amefungiwa peke yake kama ndege tunduni, kwa kuwa nguvu zake zinaogopwa. Ombi lake ni moja: apelekwe katika bustani ya michezo. Askari mstaafu Kazuhiko anapewa kazi ya kumsindikiza. Njiani inabainika kuwa wote wawili walimpenda mwimbaji mmoja, Oruha, ambaye ameshafariki. Oruha alikuwa na jani moja tu, na nguvu yake ilikuwa ni kuijua siku ya kufa kwake.

Kisa hiki kinasimuliwa kwa kurudi nyuma: msomaji anakutana na mauti kwanza, ndipo anapokutana na maisha. Visanduku ni vidogo na vichache, vimeelea juu ya ukurasa mweupe au mweusi mtupu. Maneno ya nyimbo za Oruha yanarudi tena na tena kama kibwagizo, na kila yanaporudi maana yake imebadilika, kwa sababu msomaji sasa anajua jambo ambalo hakulijua mwanzo. Wimbo wa mapenzi unageuka kuwa wasia. Hapa CLAMP wamefanya kwa wino na nafasi tupu kile ambacho mtunzi hufanya kwa vina na mizani. Wamelifanya neno lile lile lizidi uzito kila likitajwa. Na kwa kuwa kazi haikumalizika, kimya chake cha mwisho kimekuwa sehemu ya kimya kilichotawala kurasa zake zote.

xxxHolic, iliyoanza 2003 na kufikia tamati mwaka 2011 kwa juzuu 19, ndiyo kazi yao ya utu uzima. Kijana Watanuki, anayesumbuliwa na mizimu, anaingia katika duka la Yuko, mwanamke anayetimiza maombi ya watu kwa sharti la malipo yaliyo sawa na ombi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika duka hili hakuna anayeinama nusu. Anakuja mwanamke aliyezoea kusema uongo mdogo mdogo, ambaye kidole chake kimeanza kufa ganzi. Haachi, na uongo unammaliza. Anakuja mwingine aliyezama katika kompyuta hata akaisahau familia yake, na Yuko anaivunja mashine yenyewe. Visa hivi vinakaribia kuwa hekaya za mawaidha, lakini vinaokolewa na jambo moja: Yuko hamhukumu mtu. Anauza tu, na bei anaijua mnunuzi.

Kazi inafika kileleni pale inapodhihirika kuwa Yuko mwenyewe alikuwa amekwisha kufa tangu zamani, na kwamba wakati wake ulisimamishwa na ombi la mwingine asiyetaka kumpoteza. Anapotoweka, Watanuki anachagua kulirithi duka na kumngoja, huku miaka ikipita nje ya uzio naye hazeeki. Aliyekuja kuuza taabu zake amegeuka kuwa mlinzi wa maombi ya wengine, na ombi lake mwenyewe halina bei anayoiweza. Yeyote aliyewahi kubaki na nyumba ya marehemu, akikataa kuhamisha viti, ataielewa sura hii bila ya maelezo.

Tsubasa, iliyotembea sambamba na xxxHolic kutoka 2003 hadi 2009 kwa juzuu 28, haikufanikiwa kiasi hicho. Iliwachukua wahusika wa kazi za zamani na kuwapitisha katika ulimwengu baada ya ulimwengu. Mwanzo wake ni mzuri: Syaoran anatoa uhusiano wake na Sakura kuwa malipo, ili kumwokoa, akijua kuwa hata akipona hatamkumbuka. Lakini kadiri safari inavyorefuka, nafsi zinazidi kuzalishwa nakala na nyakati zinazidi kupindana, hadi hisia zinazama katika fumbo. Fumbo likihitaji ufafanuzi mrefu kuliko machozi yake, limeshindwa kuwa shairi.

Inabaki X, kazi kubwa kuliko zote kwa azma yake. Ilianza 1992 katika jarida la Asuka, ikasimama Machi 2003, ikiwa na juzuu 18. Kamui anarudi Tokyo akiwa amepangiwa kuchagua upande, wa kuwaokoa binadamu au wa kuiokoa dunia na binadamu, katika siku iliyoahidiwa ya mwaka 1999. Jiji linalindwa kwa mazindiko, na kila zindiko linapovunjwa ardhi hutetemeka na majengo huanguka. Kisha, tarehe 17 Januari 1995, tetemeko la kweli liliipiga Kobe na viunga vyake na kuua watu zaidi ya 6,400, katika eneo lile lile la Kansai walikotoka waandishi. Mwaka 1997, mjini humo humo, mvulana wa miaka 14 aliua watoto. Michoro iliyokuwa mapambo ya maangamizi ikaanza kufanana na magazeti ya asubuhi. Waandishi wamewahi kueleza kuwa mwisho wanaujua, na kwamba uchapishaji wake ndio uliokuwa mgumu.

Hakuna marefu yasiyo na ncha, husema Waswahili, na wasomaji wa X wana haki ya kuidai ncha yao. Walinunua juzuu kwa miaka kumi. Mtunzi anayemchukua msomaji hadi ukingoni na kumwacha hapo amevunja ahadi, na idadi ya kazi walizozisimamisha CLAMP, zikiwemo Clover, Legal Drug na Gate 7, inakataza kuliita jambo hili ajali. Kundi lenye mikono minne lingetarajiwa kumaliza haraka kuliko mtu mmoja. Badala yake, wepesi wa kuanza umewazoesha kuacha.

Lakini yapo mambo mawili ya kupimwa kabla ya hukumu. La kwanza, wanajua kumaliza wanapotaka. Mwaka 2016 walimrudia Sakura katika Clear Card, na mwaka 2023 wakaifunga kazi hiyo kwa juzuu 16, pasipo kuifikia ile ya kwanza kwa wepesi, ila kwa uaminifu. La pili, katika X kusita kwao kuna heshima ndani yake. Mwandishi aliyekuwa akichora vifusi kwa nakshi, kisha akaona vifusi vya mji jirani vikiwa na watu chini yake, ana sababu ya kuitazama kalamu yake upya. Uongo wa Subaru ulimwokoa mama na kumnyamazisha mtoto. Kimya cha X kimewastahi wafu na kuwanyima walio hai neno la mwisho. Waandishi waliolitunga swali hilo katika kisa cha Tokyo Babylon wamejikuta wakiliishi.

Julai hadi Septemba 2024, Jumba la Taifa la Sanaa mjini Tokyo liliziandaa kazi zao zote katika maonyesho makubwa. Wageni walipita mbele ya karatasi za asili, za kazi zilizokamilika na zisizokamilika, zimetundikwa pamoja. Ukutani karatasi ya X na karatasi ya Sakura hutazamwa kwa jicho moja. Anayekwenda nyumbani na kufungua juzuu ya 18 ndiye anayejua tofauti, kwani mkono wake unatafuta ukurasa wa pili na kuambulia jalada. Jina la CLAMP limeshajijengea heshima ya kudumu katika sanaa ya Kijapani, na heshima hiyo wanastahiki. Deni lao kwa wasomaji wa X, kama lilivyo kila deni katika duka la Yuko, lina bei inayojulikana, na bado halijalipwa.